Hamira, chumvi na herufi nne: shajara ya mradi wetu wa RNA

3 Februari

Leo nimeanza mradi niliouahirisha kwa miaka miwili. Chanzo ni swali la mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), aliyenifuata hadi mlangoni baada ya kipindi: "Madam, hii RNA wewe umeshaiona?" RNA ni molekuli ndefu kama mnyororo iliyo ndani ya seli, ndugu ya DNA. Nikamjibu ukweli kwamba sijaiona. Nimeifundisha miaka tisa, nimeichora ubaoni mara zisizo na idadi, lakini sijawahi kuishika.

Wanafunzi wangu nao wanaikariri kama namba ya simu. Nyukleotidi, yaani tofali moja la mnyororo huo, ni sukari, besi (ndiyo "herufi" yake) na fosfati. Ukiwauliza sukari gani, wanasema ribosi. Ukiwauliza ribosi ina nini ambacho deoksiribosi, sukari ya DNA, haina, wanasema oksijeni moja kwenye kaboni namba 2. Ukiwauliza hiyo oksijeni moja inaleta tofauti gani, darasa zima linainamia dawati. Swali hilo la mwisho ndilo ninalotaka walijibu kwa mikono yao.

Mpango ni huu: tutoe RNA kwenye hamira ya dukani, tuivunje hadi kwenye matofali yake, tupime kila kipande, halafu tutengeneze vielelezo kwa waya na vizibo vya soda. Wanafunzi kumi na wawili, kila Jumamosi asubuhi.

Hamira sikuichagua kwa sababu ya bei peke yake. Mwaka 1909, huko New York, Phoebus Levene aliitambua ribosi katika asidi ya kiini iliyotoka kwenye hamira. Miongo mitano baadaye Robert Holley na wenzake walianza na kilo 140 za hamira wakaishia na gramu 1 ya RNA ya aina moja tu, ile inayobeba amino asidi iitwayo alanini. Mwaka 1965 wakatangaza mpangilio wake wote, herufi 77. Kwa hiyo tunapita njia iliyokwisha kupitwa na watu wazito.

10 Februari

Vifaa. Hamira kavu nusu kilo, chumvi ya mezani, ethanoli, karatasi za pH. Asidi ya salfuriki na ya haidrokloriki zipo. Amoniamu molibdati ipo, ni ileile ya mazoezi ya kutambua chumvi. Nitrati ya fedha imebaki kidogo kwenye chupa ya kahawia. Orsinoli, kemikali ya kutambulia ribosi, hatukuwa nayo. Imeagizwa Dar es Salaam ikaja kwa basi. Mzee wa maabara ametufufulia sentrifuji ya kuzungusha kwa mkono iliyokaa stoo tangu kabla sijaajiriwa. Ameipaka grisi, sasa inazunguka bila kelele.

17 Februari

Tumeshindwa.

Tulipima gramu 50 za hamira, tukazikoroga kwenye nusu lita ya maji yenye gramu 50 za chumvi, tukabandika juu ya jiko la mkaa. Chumvi nyingi namna hiyo, pamoja na joto, huzilegeza protini zinazoikumbatia RNA ili itoke kwenye seli na kuingia majini. Mkaa haukuwa umeshika vizuri, ikatuchukua karibu saa nzima kufika nyuzi 90. Baada ya hapo tukaacha saa tatu, tukapoza, tukazungusha. Tukapata maji ya rangi ya chai ya rangi, yenye harufu kati ya mkate na mchuzi.

Kisha tukatia asidi ya haidrokloriki, tone baada ya tone, hadi pH 2. Hapo ndipo RNA inapaswa kujitenga. Tuliona ukungu mdogo tu. Jioni nilipochungulia kwenye friji, chini ya bika palikuwa na utando usiotosha kufunika ukucha. Vijana waliondoka kimya. Maji yale sikuyamwaga, nimeyafunga kwenye chupa na kuandika tarehe.

20 Februari

Nimejua kosa liko wapi, na ni langu. Hamira ina vimeng'enya vyake vya kukata RNA, na vinafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 20 na 70. Kwa kupasha joto polepole tuliviachia saa nzima ya kukata watakavyo. Tulipofika nyuzi 90, joto ambalo lingeviua, kazi ilikuwa imeshakwisha.

Nilichokipenda ni kwamba RNA haikupotea. Nyukleotidi zote bado zimo kwenye chupa ile, ila zimeachana. Mnyororo mrefu hujitenga na maji kwenye pH 2, nyukleotidi mojamoja hubaki zimeyeyuka. Tulitafuta shanga zilizotungwa, kumbe uzi ulishakatika.

24 Februari

Leo tumegeuza utaratibu. Maji ya chumvi yamechemka kwanza, ndipo hamira iliyokorogwa ikamiminwa humo kwa mkupuo, huku mmoja anakoroga kama anasonga ugali. Hapa Iringa tupo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na hizo zinatutosha kabisa. Saa tatu. Kisha bika likawekwa kwenye barafu ili kuvuka haraka lile eneo la hatari.

Tone la asidi, koroga. Tone, koroga. Kwenye pH 4 maji yalianza kupoteza ung'avu. Kwenye pH 2.5 yakawa kama maji ya mchele, na tulipoyaacha yatulie, vipande vyepesi vikaanza kushuka taratibu kama majivu. Mzee wa maabara alisogea, akavua miwani, akasema, "Mwalimu, safari hii kimekuja."

Sababu ya pH 2 niliwaeleza hapohapo. Fosfati za RNA hubeba chaji hasi, na chaji hizo ndizo zinazoifanya ipatane na maji. Ukiongeza asidi, besi tatu kati ya nne, yaani adenini, guanini na sitosini (ya nne ni urasili), hupokea protoni na kuwa chanya. Chanya na hasi zikilingana, molekuli haina tena kinachoishikiza kwenye maji, inashuka.

Tuliosha kwa ethanoli, tukakausha. Gramu 1.4. Unga wa rangi ya krimu, kama unga wa muhogo wa zamani kidogo. Si RNA tupu, bado ina chumvi na protini ndani yake, lakini hamira kavu kwa kawaida huwa na RNA kati ya asilimia 3 na 10, kwa hiyo kiasi chetu kinaaminika. Yule aliyeniuliza swali ndiye aliyeuhamishia kwenye kichupa. Alikishika mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nami sikumharakisha.

2 Machi

Siku ya kuvunja. Tulichukua chembe ya unga, takriban gramu 0.2, tukaitia kwenye mililita 10 za asidi ya salfuriki ya asilimia 10, testitubu ikakaa kwenye maji yanayochemka kwa nusu saa. Kisha tukagawa majimaji yale mara tatu.

Fosfati. Asidi ya naitriki, amoniamu molibdati, joto kidogo. Ikatoka njano ya kiini cha yai la kienyeji. Njano hii wanaijua, wameiona mara nyingi wakitambua chumvi zisizojulikana, ila hawakutarajia kuiona ikitoka kwenye kitu cha kuumulia maandazi. Testitubu ya RNA ambayo haikuchemshwa na asidi ilibaki bila rangi kwa muda, halafu nayo ikaanza kugeuka polepole, kwa kuwa asidi ya naitriki na joto navyo vinaivunja. Niliwaambia waandike hivyohivyo walivyoona, wasinyooshe.

Besi. Hapa nilikuwa na wasiwasi. Nitrati ya fedha hushika purini, yaani adenini na guanini, na kutoa mashapo meupe kama pamba. Lakini unga wetu ulitoka kwenye maji ya chumvi, na kloridi nayo hutoa mashapo meupe na fedha. Ukiona weupe, utajuaje ni upi? Jibu ni amonia. Kloridi ya fedha huyeyuka kwenye amonia ya kutosha, purini iliyoshikana na fedha haiyeyuki. Tukatia amonia kwa wingi, tukasubiri. Pamba ikabaki. Testitubu ya pili, yenye chumvi ya mezani peke yake, ikawa angavu kama maji ya kisima. Mabaki ya fedha na amonia tuliyatia asidi na kuyamwaga siku hiyohiyo, maana yakihifadhiwa yanaweza kutengeneza kitu kinacholipuka.

Sukari. Asidi kali ya haidrokloriki, chuma kidogo, orsinoli, na moto. Ribosi hupoteza molekuli tatu za maji na kuwa furfurali, furfurali ikaungana na orsinoli, na rangi ya kijani ikaanza juu na kushuka chini kama wino. Glukosi tuliyoiweka pembeni ilitoa rangi ya matope. Kaboni tano na kaboni sita, jirani kabisa kwenye kitabu, hazifanani hata kidogo kwenye testitubu.

Kuna jambo moja nililoliongeza na likazua mjadala. Kijani kile karibu chote kinatoka kwenye nyukleotidi za adenini na guanini. Bondi inayounganisha purini na sukari, kutoka naitrojeni namba 9 ya besi hadi kaboni namba 1 ya ribosi, hukatika upesi kwenye asidi, na sukari ikiwa huru ndipo inageuka furfurali. Sitosini na urasili zimeshikwa kwa naitrojeni yao namba 1, na bondi yao ni ngumu zaidi. "Kwa hiyo Madam, nusu ya herufi hazijahesabiwa?" Hazijahesabiwa. Kipimo kinaonyesha kinachoweza kukifikia, na mtu akisahau hilo atapunja hesabu zake zote.

9 Machi

Vielelezo. Ribosi ni pembetano ya waya: kona nne za kaboni, kona moja ya oksijeni, na kaboni ya tano imesimama nje ya duara. Besi inakaa kwenye kaboni 1, fosfati kwenye kaboni 5, na kaboni 3 inasubiri fosfati ya jirani. Kwenye kaboni 2 tumeweka ushanga mwekundu. Hiyo ndiyo haidroksili yetu, ile oksijeni ya ziada pamoja na haidrojeni yake.

Mimi nilikuwa nimefunga besi upande wa chini wa pembetano katika vielelezo sita vya kwanza. Binti mmoja alilinganisha na mchoro akaona kwamba besi na kaboni 5 lazima zitazame upande mmoja. Yuko sahihi, nimefungua vyote sita na kuvifunga upya.

Majina waliyapenda. Guanini imeitwa hivyo kwa sababu ilipatikana kwanza kwenye guano, mavi ya ndege wa baharini yaliyotumika kama mbolea. Adenini inatokana na neno la Kigiriki la tezi, kwa kuwa Albrecht Kossel aliipata mwaka 1885 kwenye kongosho la ng'ombe. Tulipohesabu atomi zake, kaboni 5, haidrojeni 5, naitrojeni 5, nikawaambia wazigawe kwa tano. Inabaki HCN, sianidi ya haidrojeni, sumu kali. Mwaka 1960 Joan Oró alionyesha kwamba adenini hujitengeneza yenyewe kwenye mchanganyiko wa amonia na sianidi ukipashwa joto. Darasa lilinyamaza kidogo. Besi ambayo hakuna kiumbe hai kinachoweza kukosa imejengwa kwa mara tano ya kitu kinachoua.

Swali lililochukua muda mrefu: kwa nini RNA inatumia urasili na DNA inatumia thaimini? Sitosini ina tabia ya kupoteza kundi lake la amino yenyewe tu, na ikilipoteza inakuwa urasili. DNA inatunza habari kwa maisha yote ya seli, kwa hiyo inahitaji kutofautisha urasili iliyotokana na kuharibika na herufi halali. Imeweka alama kwenye herufi halali: methili moja (kaboni yenye haidrojeni tatu), na hiyo ndiyo thaimini. Urasili yoyote inayoonekana kwenye DNA inaondolewa kama kosa. RNA nyingi za kubeba ujumbe huishi dakika au saa, hakuna haja ya gharama hiyo.

16 na 17 Machi

Hili ndilo jaribio nililolitaka tangu mwanzo.

Testitubu mbili. Moja ina RNA yetu, nyingine ina DNA tuliyoitoa kwenye vitunguu kwa sabuni, chumvi na ethanoli baridi. Zote mbili tumezitia haidroksidi ya sodiamu, alkali yetu, ya molari 0.3, tukazitumbukiza kwenye chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 37. Jumamosi usiku nilikwenda mara mbili kubadilisha maji yasipoe. Jumapili baada ya ibada tulikutana maabara.

Tukatia asidi kwenye testitubu ya DNA: mawingu meupe yakarudi. Si nyuzi ndefu kama za awali, kwa sababu alkali imeziachanisha pande mbili za ngazi, lakini minyororo ipo. Tukatia asidi kwenye testitubu ya RNA. Hakuna kitu. Tukasubiri dakika kumi na tano. Maji matupu, angavu.

Nikaleta chupa ya tarehe 17 Februari, nikaiweka kando ya testitubu ile. Hawakuhitaji maelezo mengi. Kilichofanywa na vimeng'enya wiki zile, leo kimefanywa na alkali peke yake, na kwa DNA alkali hiyohiyo haikuweza.

Tukachukua vielelezo. Alkali inaivua haidroksili ya kaboni 2 protoni yake, inabaki oksijeni yenye chaji hasi, na pembeni kabisa, kwenye kaboni 3, kuna fosfati inayomshika jirani. Oksijeni inaigeukia fosfati hiyo na kuishika. Fosfati inajifunga duara kati ya kaboni 2 na 3, na jirani anaachiwa. Baadaye duara linafunguka, fosfati inabaki ama kwenye 2 ama kwenye 3. Kijana mmoja aliufanya mwendo wote kwa koleo: akavuta waya wa ushanga mwekundu hadi kwenye kizibo cha fosfati, na mnyororo ukakatikia mkononi mwake. Kisha akachukua kielelezo cha DNA, akatafuta ushanga, akasema, "Hiki hakina cha kujikatia." Ndilo jibu la swali la Februari, na limetoka kwao. Tofauti hii ndiyo waliyoitumia Schmidt na Thannhauser mwaka 1945 kutenganisha RNA na DNA za tishu moja.

Nisingependa waondoke wakidhani haidroksili hiyo ni udhaifu tu. Ndani ya seli zetu, RNA changa inapokatwa vipande visivyohitajika, haidroksili ya kaboni 2 ya adenini moja maalumu ndiyo inayoshambulia mwanzo wa kipande na kukigeuza kitanzi. Kinachoikata RNA kwenye testitubu yetu ndicho kinachoipa uwezo wa kufanya kazi ya kemia. Thomas Cech aligundua mwaka 1982 kwamba RNA ya kijidudu Tetrahymena inajikata na kujiunga bila msaada wa protini, na mwaka 1989 yeye na Sidney Altman walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya RNA zinazoendesha kemia. Hata protini zote tulizonazo zinaungwa kwenye ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, mahali ambapo kinachofanya kazi ni RNA.

23 Machi

Leo hatukuwasha jiko. Tulikaa kuzungumzia tofali moja linalofanya mengine mbali na kujenga ukuta.

Adenini, ribosi na fosfati tatu ni ATP, ileile wanayoijua kwenye upumuaji wa seli. Hawakuwahi kuiunganisha na RNA. Seli inapotunga RNA hutumia ATP na ndugu zake wenye besi nyingine tatu: GTP, CTP na UTP. Kila moja ikiingia kwenye mnyororo huacha fosfati mbili nyuma, na kuachwa huko ndiko kunakolipia bondi mpya. Tofali linakuja na ujira wa fundi ndani yake. Na tofali za DNA hazitengenezwi kutoka mwanzo: seli inatengeneza nyukleotidi ya RNA kwanza, ndipo kimeng'enya kinaondoa ile oksijeni ya kaboni 2. Kwa mpangilio huo, mimi naona vitabu vyetu vimeanza nyuma kwa kuitanguliza DNA.

Samaki akifa, ATP ya misuli yake inavunjika na kuacha inosini monofosfati. Mwaka 1913 Shintaro Kodama wa Japani aliitambua kuwa chanzo cha utamu wa mchuzi wa samaki wao mkavu. Binti anayetoka Mwanza aliuliza kama ndiyo maana dagaa hunogesha mboga hata wakiwa wachache. Nikamwambia kemia ni hiyohiyo. Mwingine akakumbuka babu yake aliyekatazwa maini na figo kwa ajili ya gauti: purini zikivunjwa mwilini huishia kuwa asidi ya uriki, na binadamu hana kimeng'enya cha kuivunja zaidi.

Nikagusia dawa. Tenofovir na lamivudine, zilizomo kwenye kidonge wanachotumia watu wengi wanaoishi na VVU hapa kwetu, ni nyukleotidi na nyukleosidi (nyukleotidi isiyo na fosfati) za kughushi. Virusi hugeuza RNA yake kuwa DNA, inaokota tofali hilo ikidhani ni halali, na kumbe halina haidroksili ya kushikia tofali linalofuata. Mnyororo unaishia hapo. Kwa chanjo za mRNA, yaani RNA ya kubeba ujumbe, Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha mwaka 2005 kwamba uridini (urasili pamoja na ribosi yake) ikibadilishwa kidogo, kama pseudouridini ambamo besi imeshikwa kwa kaboni badala ya naitrojeni, kinga ya mwili haiishambulii RNA kwa ukali ule. Nobel yao ilikuja 2023. Tulibadilisha kielelezo kimoja cha urasili namna hiyo kwa kugeuza waya tu. Kazi ya dakika mbili.

Kabla ya kufunga tumepima unga uliobaki: gramu 0.7. Kidato cha Sita wameomba kuingia Jumamosi ijayo, kwa hiyo tutatoa upya. Kwenye ubao wa maabara mtu ameandika kwa chaki, kwa herufi kubwa, na sijafuta: MAJI YACHEMKE KABLA YA KUFUNGUA HAMIRA.